Kambale wa sindano: Mpanda tunasubiri nini?



Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15. Wavuvi wa Karema na Ikola wakatundika nyavu. Tukaambiwa mbadala ni kufuga. Sawa, sikatai kufuga. Nauliza tu: vifaranga wako wapi?

Mimi na wenzangu watatu tulichimba bwawa kwa majembe yetu. Vifaranga tukaagiza mbali, wakaja kwenye mifuko ya plastiki juu ya basi. Zaidi ya nusu walifika wameelea. Pesa imekwenda, bwawa sasa linafuga vyura.

Sasa sikia. Kambale akiwa bwawani anajaza mayai mpaka tumbo linavimba, lakini hatagi. Porini anasubiri mvua, maji yafurike mbugani, ndipo mwili unapata amri. Bwawani amri hiyo haiji, na sindano ya homoni ndiyo inayoileta. Ipo dawa ya kiwandani, ya kuagiza nje. Ipo pia njia ya zamani, Brazil waliianza miaka ya 1930: unatoa tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa kambale mwingine aliyekomaa, unaisaga, unachanganya na maji ya chumvi kama yale ya dripu, jioni unamchoma jike kwenye mnofu wa mgongo. Alfajiri ukimkamua, mayai yanatoka maelfu kwa maelfu. Dume ndiye anayeumia, mbegu zake hazikamuliki, lazima apasuliwe. Ila nyama inaliwa, na kichwa chake kina tezi ya kutumia zamu nyingine. Ndani ya siku moja na nusu mayai yameanguliwa.

Hii siyo sayansi ya kwenda mwezini jamani. Ni kisu, kinu kidogo, sindano, maji safi na mtu aliyefundishwa. Chuo cha uvuvi, FETA, kina kampasi Kigoma hapo jirani.

Kuna mtaani wanaosema samaki wa sindano analeta magonjwa. Anayechomwa ni mama, tena mara moja, siyo yule unayemla miezi kadhaa baadaye. Hofu yenye haki iko kwa perege: vifaranga wake hulishwa homoni ya kiume wiki tatu au nne ili wote wawe madume, wasizaane ovyo wakadumaa. Ile dawa inataka glavu, na maji yake yasimwagwe mtoni. Hapo tudai afisa uvuvi asimamie, tusidanganyane.

Sasa pesa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo, asilimia 4 ni ya vijana. Ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Vikundi vingi huomba bodaboda, siwalaumu, bodaboda inaleta hela jioni ileile. Lakini kituo kimoja cha kuzalisha vifaranga hapa Mpanda kingelisha mabwawa ya Mlele, Nsimbo hadi Mpimbwe. Kuchimba mabwawa bila kituo hicho ni kujenga zizi huku ng'ombe hayupo.

Kwa hiyo kikao kijacho cha baraza la madiwani, mkamate diwani wako, wa chama chochote, muulize: bajeti hii ina shilingi ngapi za vifaranga? Akikujibu kwa habari za mabwawa, rudia swali.