KUPIMWA SARATANI SI KUKOSA IMANI



Kuna mafundisho yanazunguka hapa Kathonzweni na leo nayapinga. Eti dada aliyeokoka akienda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi "amekiri ugonjwa", amemfungulia adui mlango. Mtumishi mwenzangu, umeyatoa wapi hayo?

Fungua Mambo ya Walawi 13. Mtu akiona doa kwenye ngozi, Mungu hakumwambia akae nyumbani akemee. Alimtuma kwa kuhani. Kuhani alilitazama, na kama hakuwa na hakika alimtenga siku 7, kisha akalitazama tena. Yaani mtu wa madhabahu ndiye aliyepewa kazi ya kutambua mapema! Leo wewe wa madhabahu ndiye unayezuia watu wasitazamwe.

Na saratani hii ina subira. Inaletwa na virusi vya HPV, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa. Kwa dada mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, huenda miaka 5 hadi 10. Muuguzi anapaka siki, anangoja kama dakika moja, anaangalia kama pametokea weupe. Siki, mwaitu! Palipoanza kuharibika panagandishwa au kuchomwa kabla hapajawa saratani. Hata hivyo ugonjwa huu unaua zaidi ya wanawake 3,000 nchini Kenya kila mwaka.

Tunajua inavyokwenda. Dada anatokwa damu, anaficha, anafunga na kuomba. Akifika Nairobi imeshaenea. Ndipo tunaitisha mchango, mbuzi wanauzwa, ndengu zinauzwa, na pesa zinaishia kwenye jeneza. Imani ya kuchangia mazishi tunayo. Ya kuchangia nauli ya bodaboda hadi hospitali imepotelea wapi?

Na wewe mzee unayemuuliza mkeo, "Kwani umekuwa na nani?" HPV hukaa mwilini miaka mingi kimya, na mwanamume huibeba bila dalili. Mpeleke mwenyewe.

Mama wa miaka 25 hadi 49, muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako siku ya kupimwa. Una binti wa miaka 10? Chanjo ya HPV inatolewa Kenya tangu 2019.

Wachungaji wenzangu, Jumapili hii mpeni muuguzi dakika 10 za matangazo. Zile za mchango wa vyombo zinaweza kungoja.