AFYA YETU: ADUI AJIFUNIKAYE JOHO

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Usemi huu waifaa homa ya matumbo, ambayo wakazi wa Kibera na Kawangware, Nairobi, waijua sana. Uchunguzi uliofanywa kati ya mwaka 2007 na 2009 ulionyesha kwamba homa hiyo ilikuwa nyingi zaidi Kibera kuliko Lwak, mashambani magharibi mwa Kenya, na watoto wa Kibera waliumia mno.

Chanzo chake ni kijidudu kiingiacho kwa maji au chakula kilichochafuliwa na choo. Pale ambapo mabomba ya maji hupita katika mitaro michafu, ufa mdogo tu watosha.

Mwili una askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Humtambua adui kwa sura, humtengenezea silaha zimfaazo yeye, na huikumbuka sura hiyo ili akirudi apigwe upesi. Lakini kijidudu hiki kina hila tatu. Kwanza, hujifunika joho la sukari, liitwalo Vi, likaificha sura yake. Pili, kikimezwa na askari hakifi, bali huishi ndani yake na kuchukuliwa naye mpaka kwenye ini na bandama. Tatu, hujificha katika mfuko wa nyongo. Hivyo mtu aliyepona aweza kukaa miaka mingi bila maumivu yo yote, huku akivitoa vijidudu kila aendapo chooni. Akiwa mpishi asiyenawa mikono, huwaambukiza walaji wake.

Hata hivyo, hila ya kwanza imemgeukia mwenyewe. Wataalamu wamelitwaa joho lile lile na kulifanya chanjo, ili askari walijue kabla ya vita. Kwa kuwa mwili wa mtoto mchanga hauikumbuki vema sukari tupu, sukari hiyo imeunganishwa na protini, ambayo mwili wake huikumbuka. Mwezi wa Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14.

Mzazi ambaye mtoto wake alikosa chanjo na aulize katika zahanati iliyo karibu. Tena maji ya kunywa yachemshwe, mikono inawiwe kwa sabuni, na dawa za mganga zimalizwe zote, maana vijidudu vingi vya Nairobi vimekwisha kuzishinda dawa za zamani. Heri kuchemsha maji leo kuliko kuchemka homa kesho.