Kipawa bila mtaji ni gari bila petroli

Ukisimama kando ya barabara ya vumbi kule Petta, wilayani Tororo, hutakosa kumwona kijana akipita na pikipiki iliyosheheni magunia, akikwepa shimo hili na lile bila kupunguza mwendo. Watu husema huyo angezaliwa Nairobi angekuwa dereva wa Safari Rally. Nasema hapana. Hata angezaliwa Nairobi, bila mfuko mzito angebaki kwenye pikipiki hiyo hiyo.

Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Gari la daraja la Rally3, ambalo madereva chipukizi hutumia kupanda ngazi, liligharimu karibu yuro 100,000 mwaka 2021. Hapo hujanunua vipuri wala kumlipa fundi na mwelekezi. Mfanyabiashara wa Busia anajua fedha hizo zingejaza maduka mangapi.

Mwaka 2022, Mkenya McRae Kimathi alishiriki mashindano ya dunia ya chipukizi nchini Sweden, akiendesha gari kwenye theluji. Alikuwa na wadhamini, na babake, Phineas Kimathi, aliwahi kuwa dereva kabla ya kuongoza mchezo huo nchini. Kuzaliwa katika nyumba ya magari si kosa, na kijana huyo alijituma. Swali langu ni hili: je, mtoto wa mchuuzi wa vitunguu angeufikia mlango huo?

Hata hivyo, wanaodai kwamba pesa ndizo kila kitu wamesahau historia. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi wa magari. Mwaka 1965 alishinda Safari kwa Volvo iliyokwisha kutumika, akiwa na nduguye Jaswant. Akashinda tena 1974 na 1976. Shekhar Mehta naye alizaliwa Kampala katika ukoo wa matajiri. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, alihamia Kenya, na mwaka uliofuata akashinda Safari akiendesha Datsun. Kisha akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Ninyi mliowahi kuvuka mpaka na kuacha mali, kisha mkarejea, mnaelewa maana ya kuanza upya.

Funzo ni kwamba pesa hufungua lango, lakini haziwezi kukata kona. Tatizo letu ni lango. Lewis Hamilton mwenyewe alitegemea babake aliyefanya kazi zaidi ya moja, hadi McLaren ilipomchukua akiwa na miaka 13. Bila mkono huo, huenda dunia isingemjua.

Basi tufanye nini? Kwanza, mashirikisho ya Kenya na Uganda yaandae mashindano ya bei nafuu, kwa magari ya kawaida, katika miji ya mpakani. Saa ndiyo iamue nani asonge mbele, wala si jina la ukoo. Pili, wafanyabiashara na mliorejea kutoka ng'ambo, msingoje kampuni kubwa. Mwekeni kijana mmoja katika gereji ajifunze spana kwanza, kama Joginder. Asipofika Safari, atabaki na ufundi wa kumlisha.

Tatu, vijana wenyewe wajue kwamba barabara ya Tororo kwenda Busia si uwanja wa mashindano. Pale wanapita akina mama na mizigo, na watoto wa shule. Kijana asiyepewa mahali pa kuonyesha kipawa chake atakionyesha barabarani, na gharama yake tutailipa sote hospitalini na makaburini.

Mfanyabiashara hodari haachi bidhaa nzuri ioze ghalani kwa kukosa nauli ya kuifikisha sokoni. Vipawa vya vijana wetu tutaviacha vioze hadi lini?