Ikaguliwe gesti, asizuiwe msafiri

Mfanyabiashara wa Arusha anayelala siku mbili kwenye gesti Kampala na kuoga maji ya bafuni anaweza kurudi nyumbani akiwa mzima. Homa, kikohozi na kubanwa na kifua huja siku 2 hadi 10 baadaye. Daktari wake ataandika nimonia na kumpa dawa. Wiki hiyohiyo mteja mwingine wa gesti ileile anaugua Kisumu. Nani atajua kwamba wawili hao waliogea bomba moja?

Ugonjwa wa Legionnaires huenda kimyakimya namna hiyo. Ulipata jina mwaka 1976, baada ya mkutano wa maveterani wa American Legion katika hoteli moja ya Philadelphia, Marekani, ambapo watu 34 walikufa. Bakteria wake huzaliana katika maji ya uvuguvugu: kwenye matangi, mabomba, hita na mitambo ya kupoozea hewa ya majengo makubwa. Mtu huupata kwa kuvuta matone madogo ya maji hayo. Amoksilini, ambayo wengi hujinunulia dukani, haiutibu.

Ulaya wana mtandao wa kuufuatilia. Mgonjwa aliyesafiri huulizwa alilala wapi na tarehe gani. Wakipatikana wawili waliolala jengo moja ndani ya miaka 2, hata wakiwa raia wa nchi tofauti, nchi yenye jengo hilo hutakiwa kulikagua. Hatua zisipochukuliwa, jina la hoteli hutangazwa hadharani, na hakuna mwenye hoteli anayetamani kufika huko.

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wana haki ya kushtuka wakisikia neno ufuatiliaji. Foleni za malori Namanga mwaka 2020, madereva wakisubiri majibu ya korona, hazijasahaulika. Lakini ugonjwa huu kwa kawaida hauruki kutoka kwa mtu hadi mtu. Kumzuia msafiri mpakani hakusaidii lolote, maana chanzo kimebaki bafuni alikotoka.

Jumuiya tayari ina maabara zinazohamishika, zilizoletwa kwa ajili ya magonjwa kama Ebola. Mawaziri wa afya waongeze kipimo cha mkojo cha ugonjwa huu katika hospitali za miji ya mpakani, na swali moja kwenye faili la kila mgonjwa wa nimonia: wiki mbili zilizopita ulilala wapi? Jibu livuke mpaka kumfuata mwenye gesti.

Kwa sasa, anayeanza kukohoa na kupata homa baada ya safari amwonyeshe daktari risiti ya gesti bila kungoja kuulizwa.