Umri wa Mbu na Fizikia Tunayoiita Anasa

Mbu anayemuuma mkulima wa mpunga pale Mkula, chini ya milima ya Udzungwa, hana cheti cha kuzaliwa. Nao umri wake ndio wa kuogopwa. Vimelea vya malaria huhitaji takribani siku 10 au zaidi kukomaa mwilini mwa mbu. Afaye kabla ya hapo hamwambukizi mtu. Kwa hiyo anayetaka kujua kama vyandarua vinafanya kazi asihesabu mbu tu. Ahesabu vikongwe.

Zamani umri huo ulitafutwa kwa kumpasua mbu chini ya hadubini, kazi ya kuchosha macho. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow, walionyesha njia nyingine katika machapisho ya 2019 na 2022. Mbu aliyekaushwa humulikwa kwa mwanga wa infraredi. Gamba lake hufyonza mawimbi kwa namna inayobadilika kadiri anavyozeeka, na kompyuta iliyofunzwa huyasoma mabadiliko hayo. Hata spishi ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha hubainika.

Naionea fahari kazi hiyo. Hata hivyo, moyo wa mashine ile ni kipokezi cha mwanga, nacho hatukiundi, tunakiagiza. Kwingineko wanafizikia wanatandaza chembe za metali juu ya semikondakta, elektroni zake zitikisike pamoja na mwanga, hata kipokezi kitambue si nguvu ya mwanga peke yake bali pia mawimbi yake yanatikisika kuelekea upande gani. Teknolojia hiyo ikikomaa, huenda kifaa cha mezani kikawa cha kushikwa mkononi, kikafika hadi kijijini.

Nimeambiwa ofisini, zaidi ya mara moja, kwamba fizikia ya namna hii ni anasa kwa nchi yenye zahanati zisizo na glavu. (Aliyesema hivyo alikuwa na simu mbili mezani.) Sikubaliani naye. Huko Khartoum, mwaka 2006, Umoja wa Afrika uliazimia asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, hatujaifikia.

Kwenu mnaoandaa bajeti, ombi langu ni dogo: gharimieni shahada za uzamili za vijana wachache wa fizikia ya semikondakta, tasnifu zao wazifanyie Ifakara, meza moja na wataalamu wa wadudu. Waanze kwa kufungua vipokezi vilivyokufa.