SINEMA NA JAMAA: Mapatano juu ya dhahabu

Juma hili tunawaletea habari za picha ya zamani, jina lake Yellow Sky, maana yake Mbingu ya Manjano. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1948, naye aliyeiongoza ni William Wellman. Haina rangi, ni nyeusi na nyeupe tu. Waliozoea rangi wasiidharau kwa sababu hiyo, maana jangwa jeupe la chumvi, na watu sita wakilivuka midomo imepasuka, halihitaji rangi.

Habari yenyewe ni ya mwaka 1867. Wanyang'anyi wanaiba fedha katika benki ya mji mdogo. Askari wapanda farasi wanawafuata, na mmoja wao anauawa. Sita waliobaki wanakimbilia jangwani ambako askari hawataki kuwafuata. Mmoja wao, mtu mnene mpenda pombe, amejaza wiski katika chupa yake pahali pa maji. Hapo watoto hucheka, lakini jua likizidi kuwaka kicheko kinakwisha. Mahali hapo si pa kubuniwa: picha ilipigwa katika Death Valley, yaani Bonde la Mauti, huko California, ambako ardhi inashuka mpaka metre 86 chini ya usawa wa bahari.

Wakiwa karibu kufa wanafika mji usio na watu. Milango inapigwa na upepo, baa imejaa vumbi. Watu walikuja zamani kuchimba, kisha wakahama. Miji ya namna hiyo ilikuwa mingi katika nchi ile. James Marshall aliona vipande vya dhahabu huko California mwaka 1848, na maelfu ya watu wakamiminika kutoka pande zote. Lakini Marshall mwenyewe alikufa maskini mwaka 1885.

Katika mji huo wamebaki watu wawili tu, mzee mchimbaji na mjukuu wake wa kike, aitwaye Mike, aliyevaa suruali na kushika bunduki. Mmoja wa wanyang'anyi, Dude, mtu mwenye akili kali na moyo baridi, anajiuliza: kwa nini mzee na binti wakae mahali pa ukiwa namna hii? Anachunguza, anagundua. Wana dhahabu.

Tangu hapo kila mtu anapiga hesabu. Wenye nguvu ni wengi, wenye mali ni wawili, tena mzee amejeruhiwa mguuni. Kwa hiyo mzee anafanya mapatano na mkuu wa wanyang'anyi, Stretch, anayeigizwa na Gregory Peck: dhahabu igawanywe, nusu kwa nusu. Stretch anakubali. Dude anacheka moyoni, kwani kwake ahadi kwa mnyonge si ahadi.

Hapa ndipo picha hii inapozishinda nyingine za kauboi. Kundi la Waapache linafika mjini. Mzee ni rafiki yao. Kwa neno moja angeweza kuwaambia, «Hawa wageni wanataka kuniibia,» na mambo yangekwisha. Hasemi neno hilo. Waapache wanaondoka kwa amani. Stretch anafahamu kwamba ameachiwa uhai wake na mtu ambaye alikuja kumnyang'anya. Naye anaapa, mkono juu ya Biblia, kwamba atayashika mapatano.

Tuyatazame vema, wazazi. Mnyang'anyi huyu hakugeuzwa kwa hotuba wala kwa kitisho cha gereza. Aligeuzwa alipotendewa wema usio na bei. Tangu hapo ahadi ni deni kweli, na deni hilo linamgharimu: wenzake wanamgeukia, risasi zinapigwa, na kijana mdogo kuliko wote anakufa. Dude anaitaka dhahabu yote peke yake. Hatimaye wenye kuitamani mno wanalala chini wamekufa, na dhahabu haijui hata habari zao.

Mwisho tunaupenda kuliko yote. Stretch na wenzake wawili waliosalia wanarudi katika benki ile ile na kurudisha fedha walizoiba. Katika sinema tumeona wengi wanaotubu, ila wachache wanaorudisha. Lakini katekisimu inatufundisha sisi sote, tangu utoto, kwamba mwizi anayelia huku mfuko wake umejaa bado hajamaliza toba yake. Aliyechukua kuku wa jirani, aliyepunguza kipimo cha unga sokoni, aliyekaa na fedha za chama cha kijiji: kila mmoja ana benki yake ya kuirudia.

Yapo mabaya tusiyoyaficha. Watu wanauawa kwa wepesi. Mmoja wa wanyang'anyi anamshika binti kwa nguvu; na Stretch mwenyewe, kabla ya kubadilika, anambusu bila ridhaa yake. Picha inaonyesha kana kwamba binti atapenda baadaye kwa sababu hiyo. Hilo si kweli, wala si la heshima. Baba aketi na wanawe wa kiume baada ya kutazama, awaambie wazi kwamba binti anayesema hapana amesema hapana.

Hukumu yetu: picha njema kwa watu wazima na vijana wakubwa, wakiwa pamoja na wazazi. Watoto wadogo wasiione. Na wale watakaoitazama, wakirudi nyumbani wasizungumze juu ya bastola tu, nani alikuwa mwepesi na nani mzito. Waulizane: yule mzee, alipokuwa na nafasi ya kulipiza kisasi, kwa nini alinyamaza?