Tuache Kusifu Vipaji, Tudai Ufunguo

Tarehe 25 Aprili 1960, mpiga kinanda wa jazi, Jimmy Smith, aliingia studio ya Rudy Van Gelder iliyoko Englewood Cliffs, New Jersey, Marekani. Alikuwa na wenzake watatu: Stanley Turrentine kwenye saksafoni, Kenny Burrell kwenye gitaa na Donald Bailey kwenye ngoma. Siku hiyo moja walirekodi nyimbo zilizotosha albamu mbili, Midnight Special na Back at the Chicken Shack. Zaidi ya miaka sitini imepita na wapenzi wa jazi bado wanazisikiliza.

Wasimulie wana pale kimbwetani habari hiyo, utasikia: "Huyo alikuwa na kipaji, bwana." Mjadala umekwisha, tunarudi kwenye simu zetu. Mimi sina ugomvi na kipaji. Ugomvi wangu ni kwamba neno hilo tunalitumia kukwepa maswali mawili ya msingi: kinanda alikipata wapi, na alifanyia mazoezi chumba cha nani?

Maswali hayo yana uzito kwa sababu kinanda chenyewe kina uzito. Hammond B-3 si kile kibodi cha kubeba begani kwenda mkesha. Ukijumlisha benchi na pedali, kinakaribia kilo 190. Kina safu mbili za vibao, kila safu vibao 61, na chini kuna pedali 25 za kukanyaga. Ndani yake vinazunguka vigurudumu 91 vya chuma, na hivyo ndivyo vinavyozalisha sauti. Laurens Hammond alianza kuuza vinanda vya namna hiyo mwaka 1935, na makanisa yasiyomudu kinanda cha mabomba yakavichangamkia, yakiwemo ya Wamarekani weusi. Kwenye bendi ndogo ya jazi, mpigaji hufanya kazi ya watu wawili: mkono wa kulia unaimba, wa kushoto unapiga besi, na miguu inaisisitiza besi hiyo. Sasa niambie, utayajifunza hayo kwa kuangalia video kitandani hosteli?

Jimmy Smith hakujifunza hivyo. Alikuwa mpiga piano, na katikati ya miaka ya 1950 alipopata Hammond yake aliiweka kwenye ghala moja huko Philadelphia, akajifungia humo karibu mwaka mzima. Mwenyewe alisimulia kwamba alichora mchoro wa pedali akaubandika ukutani, ili miguu ijue pa kwenda. Mwanzoni mwa 1956 Alfred Lion wa kampuni ya Blue Note alimsikia New York, na Februari mwaka huohuo akaanza kurekodi albamu yake ya kwanza. Februari 1957, kwa siku tatu mfululizo, akarekodi muziki uliojaza albamu tano. Watu huzihesabu siku tatu za studio. Mimi nauhesabu mwaka mmoja wa ghala.

Yupo Smith mwingine, wala si ndugu yake: Dr. Lonnie Smith wa Buffalo, New York. Huyu hakuwa hata na kinanda. Alikuwa akienda kushinda kwenye duka la ala za muziki, kila siku, mpaka linafungwa. Mwenye duka akamuuliza anatafuta nini. Akajibu kwamba angekuwa na ala, angeweza kuishi kwa kuipiga. Siku moja mzee yule akampeleka nyumbani kwake, akamwonyesha Hammond, akamwambia akiweza kuitoa pale ni yake. Kijana akaitoa. Kati ya 1968 na 1970 alirekodi albamu zake za kwanza Blue Note, na mwaka 2016, baada ya zaidi ya miaka 45, akarudi kampuni hiyohiyo na albamu mpya, Evolution. Mwaka 2017, akitimiza miaka 75, alirekodi klabuni New York nyimbo nyingi za albamu yake ya mwisho, Breathe. Na huo "udaktari" wake, ndugu zangu mnaohangaika na tasnifu, hakuupata chuo chochote. Alijiita tu.

Mtu atasema hizo ni bahati za Marekani. Haya, turudi nyumbani. Mwaka 1964 NUTA, chama cha wafanyakazi, kilianzisha bendi yake ya NUTA Jazz, ile ambayo baada ya kubadilishwa majina leo tunaijua kama Msondo Ngoma. Wanamuziki waliajiriwa, ala zikawa za chama. Mpiga gitaa hakulazimika kuwa na baba tajiri ndipo ashike gitaa. Wafanyakazi walielewa kwamba muziki unahitaji mtu wa kubeba gharama ya vyombo, wakaibeba. Sisi tunaojiita wasomi, chama chetu kimebeba nini?

Hapa kwetu chumba cha muziki kipo, na vinanda vimo. Mimi napiga kinanda kwenye kwaya ya wanafunzi. Kipindi changu cha mwisho kinaisha saa kumi na moja jioni. Chumba kinafungwa saa kumi. Jumamosi kimefungwa, Jumapili kimefungwa. Kama husomi kozi ya muziki unaambiwa ulete barua, na ukileta barua unaambiwa mwenye ufunguo ametoka. Tukiingia mashindano ya vyuo tukashika mkia, tunaambiwa vijana wa siku hizi hawana juhudi. Juhudi tungeifanyia wapi, jamani? Wenzetu wa uhandisi wanalalamika hivyohivyo kuhusu karakana.

Hoja ya uongozi naijua: vyombo vitaibiwa, vitaharibika. Ni hoja ya kweli, siibezi. Lakini maktaba nayo ina vitabu vya bei kubwa, na hatukuifunga, tuliweka utaratibu. Halafu kinanda kisichopigwa nacho kinaharibika. Vumbi na panya havihitaji barua ya utambulisho.

Kwa hiyo naomba serikali ya wanafunzi ipeleke ombi moja fupi kwa uongozi, kabla bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa. Chumba kiwe wazi hadi saa nne usiku, na siku nzima mwisho wa juma. Kiwe na daftari: unaacha kitambulisho, unaandika jina, saa uliyoingia na hali ya chombo ulivyokikuta. Wawepo wanafunzi wawili wasimamizi kwa zamu, walipwe posho ndogo kutoka mfuko wetu wenyewe. Anayeharibu alipe, na jina lake litakuwa daftarini. Fedha za tamasha la kukaribisha mwaka wa kwanza tunazipata kila mwaka, tunakodi spika, tunacheza usiku mmoja, asubuhi hakuna kilichobaki. Sehemu kidogo ya fedha hizo inatosha kuanzia.

Sidai kwamba ukifungua mlango, kesho yake atatoka Jimmy Smith. Pengine asitoke hata mmoja. Watatoka wapiga kinanda wa harusini na makanisani walio bora kuliko tulivyo sasa, na hilo tu lingetosha. Ila mlango ukibaki umefungwa, tutaendelea kusema fulani alizaliwa na kipaji na fulani hakuzaliwa nacho, na hatutajua kama tunasema kweli, kwa kuwa wengi hawajawahi kugusa kibao hata kimoja.